Maji, Mbegu na Ghala: Ilani ya Wakulima wa Kambove

Sisi ni nani

Sisi tunaoitangaza ilani hii ni wakulima wa wilaya ya Kambove, jimbo la Haut-Katanga. Tunalima mahindi, mihogo, karanga, maharage na viazi vitamu kwenye ardhi iliyo kati ya migodi na mto Lufira. Wamo kati yetu wajane wanaolima robo hekta. Wamo wavuvi wa Kapolowe wenye bustani kando ya ziwa Tshangalele. Wamo wazee waliotoka kampuni ya madini ya Gécamines mwaka 2003 na 2004, wakati zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoondolewa kazini, wakashika jembe ili watoto wao wale. Wamo vijana ambao asubuhi wako shambani na mchana wako shimoni wakitafuta shaba na kobalti.

Tumekutanishwa na ukame. Tumekaa chini, tumeulizana yaliyotupata, na tumeafikiana juu ya neno moja: mvua hatuiamuru, lakini maji, mbegu na ghala vinaweza kuwa mikononi mwetu kabla mvua haijakatika. Fedha ya kuvipata inatoka chini ya ardhi hii hii tunayoilima. Kwa ajili ya neno hilo tunaanzisha harakati yetu.

1. Yaliyotupata

Kilimo chetu hakina nafasi ya kujaribu mara mbili. Mvua za Haut-Katanga huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, hukoma Machi au Aprili, na kuanzia Mei hadi Septemba ni kiangazi kikavu. Mwaka mzuri hutupa milimita 1,200 hivi, karibu zote ndani ya miezi mitano. Ndugu zetu wa Kivu huvuna mara mbili kwa mwaka. Sisi tukikosa msimu huu wa mahindi, hatuna mwingine wa kutuokoa.

Msimu wa 2023 hadi 2024 ulitawaliwa na El Niño. Mvua ilikuja kwa kusitasita. Waliowahi kupanda waliona mbegu ya kwanza ikifia ardhini; waliopanda tena walikopa mbegu ya pili. Kisha mawingu yakakatika wakati mahindi yanatoa mbelewele. Huo ndio wakati hindi linapohitaji maji kuliko wakati wowote. Likiyakosa hapo, bua husimama, majani hubaki, na gunzi hutoka na punje za kuhesabika.

Njaa haikuingia siku ile. Ilikuja baadaye, hatua kwa hatua. Kwanza ililiwa mbegu iliyowekwa kwa msimu ujao. Kisha mbuzi wakauzwa, tena kwa bei ya kutupa kwa kuwa kila mtu alikuwa anauza. Karo ya shule ikakosekana. Bukari, ugali wetu wa jioni, ikapungua, halafu ikawa ni sombe, majani ya mihogo, na kiazi. Ulipofika mwezi wa kulima, mkulima alikuwa dhaifu kuliko miezi yote ya mwaka, na mkononi hakuwa na mbegu. Hivyo ndivyo ukame mrefu unavyofanya kazi: mwaka mmoja mbaya huula mwaka unaofuata kabla haujapandwa. Kwa hiyo msaada unaohesabu magunia yaliyopotea peke yake haujaona hasara yenyewe.

2. Mbingu moja na jirani yetu

Mazoea ya kula unga wa nje yana historia. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na miaka michache baadaye ikafika Kambove kuchukua shaba. Treni zilizobeba madini zilirudi na mahindi. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwagawia wafanyakazi wake posho ya unga, na mahindi yakawa chakula cha kambi, kisha cha mji, kisha cha kijiji. Mtama na ulezi, vilivyovumilia jua kwa karne nyingi, vikasukumwa pembeni.

Zaidi ya miaka mia moja imepita na njia ni ile ile. Shaba inatoka, unga unaingia. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ikiwa nchi ya pili duniani kwa uzalishaji wake, huku mama wa soko la Kambove akipima kwa meka, kipimo cha sokoni, unga uliovuka mpaka wa Kasumbalesa.

Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa nchini Zambia. Kati ya hekta milioni 2.2 za mahindi yaliyopandwa huko, hekta milioni 1 hivi ziliharibika. Malawi ikatangaza janga mwezi Machi, Zimbabwe mwezi Aprili. Zambia ikazuia mahindi yake yasitoke nje, na kwetu bei ya unga ikapanda hadi familia zikanunua nusu meka. Hatuwalaumu Wazambia. Nchi yenye njaa hulisha watoto wake kwanza, na sisi tungefanya hivyo hivyo.

Somo tulilolipata ni hili: jirani anayetulisha na sisi tulikauka siku moja, kwa sababu tuko chini ya mbingu moja. Jirani anaweza kutuokoa mwaka ambao shamba letu peke yake limekosa. Hawezi kutuokoa mwaka ambao mvua imewakimbia watu kuanzia Likasi hadi Harare. Na mwaka huo ndio tunaouogopa. Kwa hiyo akiba ya Kambove lazima ikae Kambove.

3. Ukame unatupeleka wapi

Shamba likishindwa, mtu hafi njaa akiwa ameketi. Anaingia msituni kuchoma makala au anashuka shimoni.

Makala yana mnunuzi kila siku, kwa kuwa Lubumbashi na Likasi hupika kwa makala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima misitu ya eneo linalolisha mji huo makala: mwaka 1990 ilifunika karibu asilimia 78 ya ardhi, na mwaka 2022 ilibaki karibu asilimia 40. Miti ya miombo ikiondoka, maji ya mvua hukimbia juu ya ardhi badala ya kuzama, visima hushuka mapema, na udongo uliokuwa na unyevu hadi Juni hukauka Aprili. Kila gunia la makala linalotuvusha mwaka huu linaukaribisha ukame wa mwaka kesho. Tunalijua hilo tukiwa na shoka mkononi, na tunalisema ili lijulikane kwamba mwenye njaa hazuiliwi kwa faini. Anazuiliwa kwa chakula.

Shimoni nako tumewazika vijana. Kuta za machimbo ya mikono huporomoka, na wanaoshuka wengi ni wale ambao baba zao hawakuvuna. Anayetaka kupunguza watoto katika machimbo ya kobalti aanze na shamba la baba yao.

4. Msaada tunaoujua

Mwezi Mei 2024 nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, ziliomba dunia dola bilioni 5.5 kwa ajili ya ukame. Nchini kwetu, watu milioni 25.6 walikadiriwa kuwa katika njaa kali katika nusu ya pili ya mwaka huo. Wengi wao ni ndugu zetu wa mashariki waliokimbizwa na vita, na hatuombi hata sahani moja iondolewe mbele yao. Lakini nchi yenye njaa kubwa hivyo huwatazama kwanza wanaokimbia risasi. Kijiji kinachokauka kimya kimya hufikiwa mwisho.

Hata msaada unapofika, mara nyingi hufika ukiwa umechoka. Mbegu inayogawiwa Januari haimsaidii mtu, kwani siku za kupanda zimepita. Aina ya mbegu inayohitaji siku 140 haifai mahali ambapo mvua imepungua hadi siku 100. Orodha iliyoandikwa ofisini humwacha mjane ambaye shamba lake linaitwa kwa jina la shemeji. Unga unaoshushwa wakati wa mavuno huvunja bei ya mkulima yule yule aliyepona kidogo. Na mradi unaoondoka baada ya miezi sita huacha pampu isiyo na mtu wa kuitengeneza wala kipuri cha kuitengenezea.

Tunawaheshimu wote waliowahi kutuletea chakula. Mtoto aliyekula hasahau. Tunachokidai ni msaada unaofuata kalenda ya mvua na kuacha kitu mkononi mwa anayeupokea.

5. Tunayoyaamini

Kwanza, chakula ni haki. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 47, inadhamini haki ya afya na usalama wa chakula. Tunaidai kwa jina hilo, bila kupiga magoti.

Pili, akiba haiozi. Kijiji chenye ghala kinaongea na mchuuzi, na shirika, na serikali kikiwa kimesimama.

Tatu, maji yapo. Bwawa la Mwadingusha lilijengwa juu ya Lufira, likakamilika mwaka 1930 na kuzaa ziwa Tshangalele, ili migodi ipate umeme. Kama maji yaliweza kukusanywa kwa ajili ya shaba, yanaweza kukusanywa kwa ajili ya mahindi.

Nne, ujuzi upo. Wazee wetu walipanda juu ya vichuguu vikubwa vya mchwa vilivyotapakaa Katanga, kwa kuwa udongo wake una rutuba na hushika maji. Watafiti wa Lubumbashi wameuchunguza udongo huo na kuupatia matumizi shambani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA, kule Kipopo, kinajua mbegu. Mtaalamu na mzee wakae benchi moja.

Tano, mwanamke ndiye mkulima. Yeye ndiye anayepalilia, anayevuna, anayekausha mihogo na anayeamua nani ale kwanza pakiwa haba. Mpango wowote wa ukame usiomtaja kwa jina lake tutaukataa.

6. Tunayoyadai

*Kwa Serikali ya Kongo na ya Haut-Katanga.* Mwaka 2003, mjini Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Wakarudia ahadi hiyo Malabo mwaka 2014. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 iliahidi mfuko wa kumwinua mkulima. Tunataka kuziona ahadi hizo katika bajeti ya jimbo, kwa mstari unaotaja Kambove, wenye kiasi na tarehe. Tunataka mbegu za muda mfupi ziwe vijijini kabla ya tarehe 15 Oktoba. Tunataka METTELSAT, wakala wa hali ya hewa, iweke vipimo vya mvua katika kila kundi la vijiji, na taarifa zisomwe redioni kwa Kiswahili, lugha anayoielewa mkulima. Tunataka barabara za kutoka mashambani zipitike wakati wa masika, kwa kuwa mahindi yanayooza njiani ni ukame mwingine.

*Kwa viongozi wa uchifu, sekta na miji.* Kanuni ya Migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 inakuja kwenu, karibu na mlango wetu. Tunadai kila robo mwaka kiasi kilichopokelewa kibandikwe ukutani na kisomwe hadharani. Tunadai sehemu ya tatu ya fedha hiyo, kwa miaka mitano mfululizo, iende kwenye visima, vibwawa, mifereji na maghala.

*Kwa kampuni za madini.* Sheria hiyo hiyo inawataka mtenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yenu kwa maendeleo ya jamii. Tunataka tukae pamoja kuamua matumizi yake, na maji ya kilimo yawe ya kwanza katika orodha. Zamani, chini ya Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, kampuni ziliagizwa kulima hekta 500 za mahindi kila moja. Agizo la mtu mmoja hudhoofika anapoondoka madarakani, na shamba la kampuni halimfundishi jirani yake kulima. Heri hekta moja yenye maji kwa kila familia. Tena, mahali ambapo mgodi unachukua shamba, fidia ilipwe kabla ya trekta kuingia, na hakuna mkulima atakayehamishwa kati ya kupanda na kuvuna.

*Kwa mashirika ya misaada.* Njooni Agosti, wakati bado kuna la kuamuliwa. Orodha za wapokeaji zisomwe mbele ya kijiji kizima, na wanawake wawe nusu ya kamati inayoziandika. Mahali ambapo soko lina chakula, toeni fedha. Mahali ambapo halina, leteni unga, na mnunue kwanza kwa wakulima wa jimbo hili. Kila mnachokijenga, wafundisheni vijana wetu wawili kukitengeneza kabla hamjaondoka.

*Kwa machifu wa ardhi.* Sheria ya mwaka 1973 inasema ardhi ni ya dola, lakini sote tunajua nani huonyesha mipaka ya shamba. Mjane asinyang'anywe shamba la mumewe. Dembo, yale mabonde yanayoshika maji hata kiangazi, yasiuzwe kwa watu wa mbali. Ndiyo bustani yetu ya mwisho jua linapozidi.

7. Tunayojifunga kuyafanya

Anayedai tu bila kutenda anaomba. Kwa hiyo sisi nasi tunajifunga.

Kila mwanachama atapanda angalau robo ya shamba lake kwa mazao yanayovumilia jua: mihogo, mtama, ulezi, viazi vitamu, kunde. Hatutaweka tena maisha ya nyumba nzima juu ya hindi peke yake.

Kila kundi la nyumba litakuwa na ghala la mbegu. Atakayekopa debe moja atarudisha debe moja na robo baada ya mavuno. Mbegu ya ghala hailiwi, hata na mwenyekiti.

Wakati wa mavuno, Mei na Juni, tutanunua pamoja mahindi ya wanachama na kuyahifadhi, ili mchuuzi asiyachukue kwa bei ya chini na kuturudishia Januari kwa bei ya juu. Tutayakausha vizuri, maana ghala lenye unyevu ni sumu.

Tutalima kwa mashimo ya kupandia yaliyochimbwa kiangazi, tutafunika udongo kwa mabua, na hatutachoma masalia ya shamba. Shimo lenye samadi na udongo wa kichuguu hushika mvua ya kwanza, na mvua ya kwanza ndiyo tunayoipoteza.

Kila kijiji kitatenga kipande cha miombo kisichoguswa na shoka, kwanza kandokando ya vyanzo vya maji. Wanaoishi kwa makala hatutawatenga. Tutawapa nafasi ya kwanza katika mashamba ya umwagiliaji na katika upandaji wa miti ya kuni.

Tutaandika. Siku mvua ilipoanza, siku ilipokatika, magunia yaliyovunwa, nyumba zilizokosa. Mwaka ujao tukiingia ofisini tutaingia na daftari.

8. Namna tutakavyojiongoza

Harakati hii haina chama cha siasa na haina kabila. Wasanga, Walamba, Wabemba, Waluba na kila aliyekuja Kambove kwa reli au kwa miguu na kulima hapa ni mkulima wa Kambove. Jua halikuuliza jina la mtu.

Uongozi utachaguliwa kwa miaka miwili, na nusu ya viti ni vya wanawake. Kiti kimoja katika kila kamati ni cha kijana aliye chini ya miaka 25. Hesabu zitasomwa kwa sauti kila mwezi. Anayegombea cheo cha serikali atajiuzulu kwanza. Tutajiandikisha kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2001 ya mashirika yasiyo ya faida, ili asiwepo wa kutuita wahuni.

Njia yetu ni amani. Tutaandika barua, tutakutana, tutaandamana mchana kweupe tukiwa na majembe begani. Hatutachoma wala hatutafunga barabara kwa mawe, kwa sababu barabara hiyo hiyo ndiyo inayopitisha mgonjwa wetu kwenda Likasi.

9. Wito

Baba, mama, dada, kaka: miaka ya ukame itarudi. El Niño imekuja mara nyingi na haijatupa sababu ya kufikiri kwamba imemaliza. Swali ni itatukuta wapi.

Wewe unayelima Kapolowe, Mulungwishi au pembeni ya mgodi, njoo. Wewe mwalimu unayejua hesabu, njoo utushikie daftari. Wewe mwanafunzi wa kilimo Lubumbashi, mazoezi yako yafanyie kwetu. Wewe mfanyakazi wa mgodi unayekula bukari kila jioni, kumbuka kwamba bei ya meka inakula mshahara wako kama inavyotula sisi, simama nasi.

Na nyinyi mlio na madaraka, mtatusikia kabla ya msimu, wakati wa msimu na baada ya msimu, hadi mstari wa Kambove uonekane katika bajeti na hesabu ya mrabaha ibandikwe ukutani.

Tunaanza na kazi tatu ambazo hazihitaji ruhusa ya mtu. Kabla ya mwisho wa Agosti, kila kijiji kichague kamati yake. Kabla ya mwisho wa Septemba, mashimo ya kupandia yawe yamechimbwa. Kabla ya mvua ya kwanza, kila ghala liwe na mbegu ya kupanda mara mbili: ya kwanza kwa matumaini, ya pili kwa uhakika. Atakayezifanya kazi hizo tatu ni mwenzetu, na jina lake tutaliandika.

Imetangazwa Kambove, Haut-Katanga, na wakulima wenyewe.